Watoto wangu wa beagle hawamfuati sungura. Nimeuziwa mbwa feki?

*"Shikamoo daktari. Nimenunua watoto wawili wa beagle, dume na jike, sasa wana wiki 11. Naishi Madale, eneo lipo la kutosha, na nafuga sungura kama 30 hivi. Nimeangalia sana video za Marekani, mbwa wadogo wanamfukuza sungura huku wanalia kwa ile sauti yao. Jumamosi nikamtoa sungura mmoja bandani nikamwachia kwenye nyasi. Dume alimkimbilia, lakini sungura alipoingia kwenye michongoma akamwacha, akaenda kutafuna kandambili yangu. Jike hakusogea kabisa, alikaa karibu na mguu wangu. Rafiki yangu anayefuga mbwa wa kienyeji ananiambia niwanyime chakula siku nzima, kisha niwape utumbo mbichi wa sungura ili wapate hasira, na jike nimrudishe alikotoka maana hana damu ya uwindaji. Nataka wawe mbwa wa kufuata sungura kweli. Nimechelewa? Au nimeuziwa mbwa feki?"*

Marahaba, mwanangu. Naanza na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hujachelewa, na katika yote uliyoyaeleza sioni dalili ya mbwa feki. Mtoto wa wiki 11 anayemkimbilia sungura nusu dakika kisha akahamia kwenye kandambili yuko sawa kabisa kwa umri wake. Na jike usimrudishe popote. Nitakueleza kwa nini.

Kwanza turekebishe neno moja, kwa sababu kosa la Jumamosi limetoka humo. Unasema "kumfukuza" sungura. Wapo mbwa waliozalishwa kwa kufukuza, wale wembamba wenye miguu mirefu, wanaomwona mnyama na kumkimbilia. Beagle si huyo. Begani hafiki kwa kawaida sentimita 41, na sungura mzima mwenye afya anamwacha mbali. Waingereza walimzalisha afuatilie mahali sungura alipopita dakika kadhaa nyuma, taratibu, pua chini, akitoa sauti ili watu wanaomfuata kwa miguu wajue alipo hata wasipomwona. Kwa hiyo kufukuza ni kwa macho, na kufuatilia ni kwa pua, na katika kichwa cha mtoto wa mbwa vitu hivi viwili vinagombania nafasi moja.

Ukimwonyesha sungura anayekimbia, macho yanashinda. Ni rahisi zaidi, na ni raha zaidi. Sungura akipotea kwenye michongoma hakuna tena cha kuangalia, na mtoto anaona mchezo umeisha. Ukirudia hivyo mara kumi, utakuwa umemfundisha kwamba harufu peke yake haina maana mpaka mnyama aonekane. Nimeletewa mbwa wa mwaka mzima aliyelelewa hivyo. Namwekea njia mbichi ya harufu chini ya pua, anainua kichwa anaangaza huku na huku. Kumrudisha pua chini ilichukua miezi, na hakuwahi kutulia kama mbwa aliyeanza vizuri.

Jike wako alipokaa kando ya mguu wako aliona kitu kigeni kinakimbia, akachagua kubaki na mtu anayemwamini. Katika umri huo hiyo si hasara. Mbwa wa harufu anayeondoka bila kukuangalia ni yule utakayemtafuta usiku kucha barabara ya Madale huku bodaboda zikipita. Huyu atahitaji kujengwa ujasiri, jambo linalowezekana. Kumfanya mbwa aliyezoea kumsahau mtu wake amjali tena ni kazi kubwa zaidi.

Sasa tuongee kuhusu pua, kwa sababu ukiielewa utajua mwenyewe la kufanya hata nisipokuwepo. Mbwa ana chembe za kupokea harufu zaidi ya milioni 200 puani, wakati sisi tunazo kama milioni 5. Lakini wingi huo si siri yote. Anaponusa, hewa inagawanyika: nyingi inashuka mapafuni, na sehemu ndogo inapelekwa nyuma kabisa ya pua, kwenye chumba maalumu cha harufu. Mwangalie puani, pembeni mwa kila tundu utaona kipasuo kilichopinda kama alama ya mkato. Anapotoa pumzi hewa inapita huko kuelekea pembeni, kwa hiyo haipeperushi harufu iliyo mbele yake. Anarudia hivyo karibu mara tano kwa sekunde. Ndiyo ile sauti ya haraka haraka unayoisikia anapochunguza kona ya ukuta.

Chini anakuta nini? Vipande vidogo sana vya ngozi na manyoya ya sungura, mafuta ya mwili, bakteria wanaokula vitu hivyo, pamoja na harufu ya nyasi zilizokanyagwa. Unyevu wa wastani unaitunza harufu hiyo. Jua na mchanga mkavu vinaimaliza upesi, mvua kubwa inaiosha. Upepo nao unaisogeza: sungura amepita hapa, harufu imelala nusu mita kando. Ndiyo maana utamwona mtoto anakwenda sambamba na njia uliyoiweka badala ya kuikanyaga. Usimvute arudi kwenye mstari wako. Yeye ndiye anayejua harufu iko wapi.

Halafu kuna jambo ambalo kwa Dar es Salaam naliona kubwa kuliko yote. Mbwa hapozi mwili kwa jasho kama sisi, anapoza kwa kuhema mdomo wazi. Na mbwa anayehema hivyo hawezi kunusa vizuri, hewa inapita mdomoni. Mtoto aliyepata joto ni mtoto aliyepoteza pua, na ukiendelea kumlazimisha unamfundisha kubahatisha. Hujaniambia ulimtoa sungura saa ngapi Jumamosi. Kama ilikuwa saa 4 asubuhi, hata beagle wa miaka mitano angekuangusha. Fanya mazoezi kuanzia mwanga unapotoka, saa 12 na nusu hivi, wakati umande upo, na saa 2 uwe umemaliza. Miezi ya kusi, Juni mpaka Septemba, itakusamehe kidogo. Kaskazi ya Januari na Februari haisamehi.

Nije kwa ushauri wa rafiki yako. Sina shaka anakutakia mema, lakini usiufuate. Kumnyima chakula mtoto wa miezi miwili na nusu ni kumnyima nguvu za kukua na akili ya kujifunza. Huyu anatakiwa ale mara tatu kwa siku. Kinachofaa ni kufanya zoezi kabla ya mlo wa asubuhi, tumbo likiwa tupu kwa kawaida yake, na malipo yakawa sehemu ya mlo huo. Hasira nayo haihusiki. Beagle anafuata harufu kwa sababu kufuata kwenyewe kunamfurahisha.

Utumbo mbichi una hatari yake, na wewe ungepata hasara mara mbili. Kuna tegu anayeishi kwenye utumbo wa mbwa, jina lake la kitaalamu *Taenia pisiformis*. Mayai yake yanatoka na kinyesi cha mbwa, sungura anayala kwenye majani, ndani yake yanakuwa vifuko vya maji tumboni na kwenye ini. Mbwa akila matumbo hayo mabichi, mzunguko unaanza upya. Kama umewahi kuchinja sungura ukakuta malengelenge meupe kama punje za mchele uliovimba yamening'inia kwenye utando wa tumbo, huenda ni hayo. Kwa hiyo matumbo yazikwe au yapikwe mpaka yaive. Mbwa wasijisaidie sehemu unayokata majani ya sungura. Na unapoomba dawa ya minyoo, mwambie daktari kwamba nyumbani kuna sungura, akupe yenye prazikwanteli, maana dawa nyingi za kawaida zinaua minyoo ya mviringo na kumwacha tegu.

Na sungura wa bandani mwache bandani. Sungura akipata hofu kubwa anapiga teke kwa nguvu kiasi cha kuweza kujivunja uti wa mgongo, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda yeye pia, si mbwa tu. Wewe hapo una kitu bora kuliko sungura mwenyewe, una harufu yake ya bure kila siku.

Chukua kipande cha gunia safi, ukubwa wa kitabu cha daftari, ukiweke kwenye malalo ya sungura siku mbili. Kifunge katikati ya kamba ya mita 6 hivi. Wewe ushike ncha moja, mwenzako ncha nyingine, mtembee mkilikokota gunia katikati yenu. Hii ya watu wawili si urembo. Ukiliburuta nyuma yako peke yako, mtoto atafuata nyayo zako, maana harufu yako ndiyo anayoipenda kuliko zote, nawe utafurahi ukidhani anafuata sungura. Njia ya kwanza iwe mita 10 hadi 15, imenyooka, kwenye nyasi fupi, upepo ukitokea nyuma yenu kuelekea mnakokwenda. Upepo ukitokea mbele, harufu ya mwisho wa njia itamfikia hewani, naye atainua pua akakimbilia moja kwa moja. Mwishoni acha gunia lenyewe, na juu yake kipande cha ini la kuku lililochemshwa, au dagaa wachache wasio na chumvi.

Watoto wasione lolote kati ya hayo. Subiri dakika tano, kisha mlete mmoja, narudia, mmoja, akiwa amevaa mkanda wa kifuani na kamba ya mita 3 hadi 5. Mwingine abaki ndani ambako hasikii vizuri. Wakiwa wawili, dume wako atatangulia na jike atamfuata dume kwa macho. Mwisho utakuwa na mbwa mmoja na kivuli chake. Mfikishe mwanzo wa njia, useme neno moja, "tafuta", kisha unyamaze. Usinyooshe kidole, usimwite jina, usimshangilie katikati. Kila sauti yako inamtoa pua chini.

Siku za mwanzo utaona vurugu: anakwenda mita mbili, anasimama, anakula jani, anarudi. Mwache. Kisha siku moja, labda zoezi la nne, labda la saba, mkia utakwambia. Nilikuwa na jike wa miezi minne pale Kigamboni, mwoga kuliko huyo wako, alikuwa akishtuka hata mfuko wa rambo ukipeperuka. Nikamwekea njia yenye kona yake ya kwanza. Alikwenda vizuri mpaka kwenye kona, akaipita kama mita mbili. Mkia uliokuwa ukitikisika ukapoa. Akasimama, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa, akageuza kichwa kunitazama. Mimi nikaangalia pembeni. Akashusha pua, akazunguka nusu duara kurudi nyuma, na alipoikata njia upya mkia ukaanza kupiga kwa kasi mpaka kiuno kizima kikawa kinayumba. Mita chache mbele akatoa sauti, si kubweka, ile ya kuvuta. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia kwake. Kama ningemwonyesha kona kwa mkono, angejifunza kwamba akipotea jibu liko kwangu.

Tangu hapo ongeza kitu kimoja kwa wakati. Urefu kwanza, kisha kona, kisha muda wa kusubiri kabla ya kumleta. Mara tatu kwa wiki zinatosha, njia moja au mbili kila mara, na acha angali anataka. Akifika miezi minne anayekwenda mita 100 zenye kona mbili na njia iliyokaa dakika 20 anakwenda vizuri sana. Asipofika huko, punguza, usimkemee. Wafugaji wengi wa Marekani nao hawaanzi sungura hai mpaka miezi 4 hadi 6, wengine baadaye, kwa hiyo zile video zinakuonyesha matunda na kukuficha shamba. Mbio ndefu na kuruka ruka makusudi viache mpaka atimize kama mwaka, mifupa ikomae.

Sambamba na hayo, na kwa uzito uleule, fundisha kurudi. Beagle akishika njia masikio yake ni kama yamefungwa, hata umwite vipi. Tumia filimbi: kila unapowapa chakula, piga mara mbili fupi, kisha weka bakuli. Baada ya wiki mbili piga ukiwa chumba kingine, kisha nje, kisha wakiwa wanacheza, na kila anayekuja apate dagaa. Akichelewa kurudi, hata kama amekukera nusu saa, akifika apewe dagaa wake. Anayechapwa akirudi amefundishwa kutorudi. Kamba ndefu isitoke mpaka uwe na hakika, na Madale ilivyojaa kuku na mbuzi wa majirani, huenda isitoke kabisa nje ya uzio wako.

Kuhusu sungura wa porini, lazima nikwambie wazi. Sungura wa kwenye video nyingi za Marekani ana tabia ya kuzunguka na kurudi karibu na alipoanzia, ndiyo maana unawaona wawindaji wamesimama tu wanasubiri. Wa kwetu wa porini ni mnyama mwingine kabisa, si ndugu wa karibu hata wa hao 30 wako wa bandani. Hachimbi shimo, analala kwenye kibonyeo cha nyasi, anazaa watoto wenye manyoya na macho wazi, na akishtuliwa anakwenda mbali kwa kasi kubwa. Mtoto wa mbwa anayemfuata huyo anapotea. Tena ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 uwindaji unahitaji kibali, na mbinu za kuwinda nazo zimewekewa mipaka. Wewe hapo uko jirani na Pori la Akiba Pande, lililo chini ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Mbwa wako akiingia humo akifuata harufu, wewe ndiye utakayeulizwa. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi nao si uwanja wa mazoezi. Kama unataka uwindaji halisi, nenda kwanza TAWA uulize kinachoruhusiwa kabla hujatumia hata shilingi.

Je, gunia peke yake litakupa mbwa kamili? Sitakudanganya. Sungura hai anarudi kwenye nyayo zake, anaruka pembeni, anatulia kisha anaondoka tena, na gunia halina ujanja huo. Mbwa wa gunia hatakuwa sawa na mbwa aliyekua na sungura hai. Wengine hutengeneza uzio mkubwa wenye sungura na maficho, lakini kuufanya bila kuwatesa sungura kunahitaji eneo na gharama kubwa, na kwa bustani ya Madale sikushauri. Kumpeleka na mbwa mzee mwenye ujuzi kunasaidia, ila mtoto anaiga na makosa yake. Kwa hali yako mimi ningebaki kwenye njia za gunia, nikizifanya ngumu kadiri wanavyokua: kupita kwenye mchanga, kuvuka nyayo za watu, kuacha pengo la mita moja katikati. Hiyo ni kazi kamili kwa beagle, si mchezo wa kupoza. Marekani wamekuwa wakiwatumia viwanja vya ndege tangu 1984 kutafuta nyama na matunda kwenye mizigo ya abiria, na mbwa hao wanafanya kazi yao bila kuona sungura.

Sasa afya, na hapa sitaki usubiri barua yangu nyingine. Mazoezi yote kwa sasa yawe ndani ya uzio wako. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuharisha damu, inakaa kwenye udongo miezi mingi, na mfululizo wa chanjo za utotoni hukamilika wiki ya 16 au zaidi; chanjo ya kichaa cha mbwa inaanzia miezi mitatu. Hakikisha kadi zao zina tarehe na sahihi ya daktari wa mifugo, si maneno ya aliyekuuzia. Kila baada ya zoezi wapekue kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole, na uyakaushe masikio yakilowa umande, kwa kuwa sikio linaloning'inia halipati hewa.

Kutapika na kuharisha damu, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Fizi nyeupe, homa, mkojo wa rangi ya chai, hiyo huenda ni homa ya kupe, nenda pia. Akihema bila kutulia, mate mazito, fizi nyekundu sana, anayumba, ni joto limempata: mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, na mwondoke kwenda kwa daktari huku mkiendelea kummwagia. Na kama ukifika miezi minne jike bado anaganda au kujificha kila kitu kipya kinapotokea, au dume ameanza kunguruma ukimsogelea kwenye bakuli, hayo hayatibiki kwa maandishi. Tafuta mkufunzi anayefundisha kwa malipo na si kwa fimbo, aje nyumbani awaone wakiwa kwao.

Jumamosi hii weka njia moja tu, mita 12, na umwanzishe jike.